Gobori la kisasa na bei yake: Je, lina faida gani kwa mtu wa Kajiado?

GOBORI, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa kasiba, hudhaniwa na wengi kuwa limebaki katika majumba ya makumbusho na katika masimulizi ya misafara ya pembe za ndovu. Sivyo. Bunduki hiyo ingali inatengenezwa, tena kwa ustadi mkubwa, na bei yake imepaa.

Nchini Marekani kuna magobori ya kuwindia yenye kasiba ya chuma kisichoshika kutu, kitako cha nyuzi za kaboni na darubini ya kulengea shabaha. Mengine yana uzito wa kilo 2.7 hivi, ilhali gobori la kawaida hufikia kilo 3.6 au zaidi. Wepesi huo hulipiwa. Gobori la kawaida laweza kupatikana kwa dola 300 hivi. Lile jepesi la hali ya juu hupita dola 1,000 hata kabla ya kuongezewa darubini.

Je, tofauti hiyo isiyotimia kilo moja inastahili gharama hiyo? Hilo ni swali la wawindaji wa ng'ambo, lakini lina maana yake Kitengela na Kajiado pia. Hapa ni mahali ambapo simba huvuka kutoka mbugani usiku, fisi huvamia maboma na pundamilia hushindania malisho na ng'ombe. Mfugaji anayeamka na kukuta mbuzi wake wametapakaa chini hakosi kuwaza bunduki, na siku hizi mtandao uko tayari kumwonyesha bunduki za kila namna na bei zake.

Jibu kwa ufupi ni hili: kwa mwindaji anayepanda milima katika nchi iliyompa msimu wa kuwinda, huenda fedha hizo zikawa na faida. Kwa mtu wa Kajiado hazina. Hata hivyo, jibu hilo halina uzito mpaka zifahamike sababu zake.

Gobori hufanya kazi vipi

Gobori la zamani lilikuwa chombo rahisi. Mwenyewe alimimina baruti mdomoni mwa kasiba, akatia risasi au marisau, kisha akashindilia kwa mdeki. Moto ulitoka kwenye jiwe la gumegume lililogonga chuma na kutoa cheche. Baadaye ikaja fataki, kile kikombe kidogo cha shaba kinacholipuka kikipigwa na nyundo ya bunduki. Mlio mmoja, moshi mwingi, kisha kazi yote ilianza upya.

Gobori la leo hufuata kanuni ileile, ila viungo vyake vimebadilika. Mwaka 1985, fundi wa bunduki wa jimbo la Missouri, Tony Knight, alitoa bunduki aliyoiita MK-85. Ndani yake fataki ilikaa nyuma kabisa ya kasiba, ikitazamana na baruti moja kwa moja, badala ya kukaa ubavuni. Moto ulifika upesi na kwa hakika zaidi, na baruti haikupata unyevu kwa urahisi. Wengine wakaufuata mtindo huo. Mwaka 2014 kampuni ya Remington nayo ilitoa gobori lililojengwa juu ya umbo la bunduki yake mashuhuri ya Model 700.

Aidha, kasiba za leo zina mifuo ndani yake, yaani michirizi inayoizungusha risasi ili iende mbele bila kuyumba. Gobori la babu zetu halikuwa na mifuo, na mwindaji ilimbidi amkaribie mnyama kwa hatua chache ndipo awe na hakika. La kisasa, likiwa mikononi mwa mtu aliyezoea, humpata mnyama umbali wa mita 150 na zaidi.

Msimu ndio uliozaa bunduki

Msomaji atauliza: kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua bunduki ya risasi za kawaida ahangaike na mdeki? Jibu limo katika sheria za uwindaji za Marekani.

Kila jimbo nchini humo hupanga msimu wake wa kuwinda paa. Msimu wa bunduki za kawaida huwa mfupi na wenye msongamano wa watu. Majimbo mengi yakatenga siku nyingine kwa ajili ya magobori, kwa hoja kwamba mwenye risasi moja tu hawezi kuwamaliza wanyama. Pennsylvania, kwa mfano, ilianzisha msimu wake wa bunduki za gumegume mwaka 1974. Isitoshe, katika majimbo tambarare yenye wakazi wengi, kama Ohio na Illinois, bunduki za masafa marefu zilikatazwa kwa miaka mingi katika uwindaji wa paa kwa kuhofia risasi zinazopotea, ilhali gobori liliruhusiwa.

Sheria ya silaha nayo ilisaidia. Sheria ya kitaifa ya mwaka 1968 iliyaondoa magobori mengi katika masharti yanayozifunga bunduki nyingine, ili mradi hayawezi kutumia risasi za kisasa. Ndiyo maana yanaweza kuagizwa na kuletwa kwa posta, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake.

Kwa hivyo anayenunua gobori ghali Marekani hanunui chuma na kaboni peke yake. Ananunua siku za ziada msituni. Thamani ya bunduki hiyo imetokana na ruhusa. Ruhusa ikiondolewa, kinachobaki ni bomba la bei ghali.

Wepesi nao una gharama

Hata huko kwenye ruhusa, wepesi si faida tupu. Uzito wa bunduki ndio unaomeza teke lake. Bunduki ya kilo 3.6 ikipunguzwa hadi kilo 2.7 huku baruti na risasi zikibaki zilezile, nguvu inayomrudia mpigaji begani huongezeka kwa theluthi moja. Mtu anayeliogopa teke hufumba macho na kuvuta mtambo kwa mshtuko, na shabaha humpotea. Gobori zito la dola 300 katika mikono iliyotulia hushinda gobori jepesi la dola 1,200 katika mikono inayotetemeka.

Wepesi humfaa mtu anayetembea kutwa akipanda na kushuka milima, kama ile ya magharibi ya Marekani, ambako kila gramu huhesabiwa. Anayekaa juu ya mti akimngoja paa apite hana haja nao. Bunduki yake haibebwi mbali zaidi ya kutoka kwenye gari hadi kwenye shina.

Kuna pia usafi. Baruti nyeusi, pamoja na nyingi ya zile zilizobuniwa kuchukua nafasi yake, huacha masizi yanayovuta unyevu na kula chuma. Bunduki huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumiwa. Chuma kisichoshika kutu hupunguza madhara hayo, ila hakimwondolei mwenyewe kazi ya kuosha. Mvivu ataharibu bunduki ya bei yoyote.

Bunduki za thamani katika nyanda za Kapiti

Kwetu Afrika Mashariki gobori si geni hata kidogo. Katika karne ya 19 lilisafiri na misafara kutoka Zanzibar na miji ya pwani hadi bara, likabadilishwa kwa pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, kwa watumwa. Kufikia miaka ya 1880 bunduki zilikuwa zikiingia kwa makumi ya maelfu kwa mwaka, nyingi zikiwa zimestaafishwa na majeshi ya Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya bara hili, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Mzungu akabaki na bunduki ya kufyatua mfululizo, Mwafrika akaachiwa ya kushindilia.

Bunduki za bei kubwa nazo zilifika mapema, na zilifika karibu sana na Kitengela. Mnamo Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka kwenye stesheni ya reli ya Kapiti na kuanza safari yake ya uwindaji katika nyanda hizo. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya kasiba mbili ya Holland & Holland, zawadi kutoka kwa marafiki zake wa Uingereza. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kabla ya safari hiyo kumalizika mwaka 1910.

Biashara ya kuwatembeza wawindaji matajiri ikastawi. Wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao jijini Nairobi mwaka 1934. Mtu wa kijijini aliyemwinda mnyama kwa mshale au mtego aliitwa jangili. Mgeni aliyelipia leseni aliitwa mwanamichezo. Mfumo huo uliendelea hata baada ya Uhuru, hadi serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama mnamo Mei 1977, wakati ujangili wa ndovu ulipokuwa umekithiri. Chama cha wawindaji kikavunjika mwaka huohuo.

Sheria yasemaje leo

Marufuku hiyo ingalipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliikaza zaidi. Kuwinda kwa kujifurahisha ni kosa. Kuwinda kwa ajili ya kitoweo pia ni kosa, na biashara ya nyama ya porini kadhalika. Adhabu hupanda kadiri mnyama anavyokaribia kutoweka. Kwa wanyama walio hatarini zaidi, sheria hiyo ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha.

Wapo wanaodhani kwamba gobori, kwa kuwa ni silaha ya kizamani, halimo katika sheria za bunduki. Hapa Kenya hoja hiyo haisimami. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutazama kama chombo kina kasiba na kinaweza kurusha risasi ya kuua. Haiulizi risasi imeingizwa kutoka upande gani. Anayekimiliki sharti awe na cheti kutoka Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Baruti yenyewe iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kuagiza mzigo wa namna hiyo kutoka ng'ambo kana kwamba ni viatu ni kujitafutia kesi.

Mwenye leseni halali anaweza, bila shaka, kulenga shabaha kwenye uwanja uliokubaliwa. Ulimwenguni kuna mashindano ya shabaha ya magobori. Lakini katika uwanja wa shabaha wepesi hauna kazi. Bunduki nzito hutulia zaidi.

Je, marufuku inaweza kuondolewa? Mjadala huo umekuwapo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 serikali iliruhusu, kwa majaribio, wenye mashamba kuvuna idadi maalumu ya wanyama, na ranchi moja ya eneo la Athi River ilijulikana kwa nyama yake ya porini. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha mswada wa G.G. Kariuki wa kurekebisha sheria ya wanyamapori, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi.

Majirani wamechagua njia tofauti. Uganda ilirejesha uwindaji kwa majaribio karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Tanzania haijaacha kuuza vibali vya uwindaji wa kitalii, na tangu Septemba 2023 ndovu kadhaa wenye pembe ndefu wa mfumo wa Amboseli wameuawa na wawindaji upande wa pili wa mpaka, jambo lililozusha malalamiko makubwa. Mwenye fedha na hamu ya kuwinda anaweza kuvuka Namanga na kufuata taratibu za huko. Upande huu hana la kufanya.

Hasara ya mfugaji si mzaha

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumwambia mfugaji kwamba sheria imekataza na kumwacha hapo. Hasara yake ni ya kweli.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Kwa miongo mingi nyumbu na pundamilia walitoka mbugani wakati wa mvua, wakaenda malishoni katika nyanda za Kitengela na Kapiti, kisha wakarejea kiangazi. Simba waliwafuata. Ranchi ya jamii ya Kitengela ilipogawanywa miongoni mwa wanachama wake mwaka 1988, na viwanda vya eneo la Athi River vilipovuta maelfu ya watu kutafuta makao, ardhi ilianza kukatwa viploti na kuzungushiwa nyua. Nyumbu waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 wamebaki elfu chache. Simba aliyekosa nyumbu hugeukia mbuzi.

Matokeo yake yanajulikana. Juni 2012, simba sita waliuawa katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, baada ya kushambulia mifugo. Machi 2016, simba dume aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huko Isinya, baada ya kumjeruhi mtu katikati ya umati. Mei 2023, simba kumi waliuawa katika muda wa wiki moja kusini mwa kaunti, sita kati yao Mbirikani, na mmoja akiwa Loonkiito, mzee wa miaka 19. Na Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika ranchi inayopakana na Mbuga ya Nairobi.

Tuyatazame matukio hayo kwa makini. Simba wa Kitengela mwaka 2012 waliuawa kwa mikuki. Loonkiito pia alichomwa mkuki. Jamii hizi hazikukosa silaha, na hazikungoja gobori. Lililokosekana lilikuwa kinga kabla simba hajaingia bomani, na fidia ya haraka baada ya kutoka.

Isitoshe, gobori ndiyo silaha mbaya kuliko zote kwa kazi ya usiku bomani. Lina risasi moja. Mwenye mazoea huhitaji nusu dakika au zaidi kulishindilia upya, na simba hawaji mmoja mmoja. Baada ya mlio wa kwanza moshi huziba macho, mifugo hutawanyika gizani, na simba aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba. Ndiyo maana kazi ya kumdhibiti mnyama hatari huachiwa KWS, na hata maafisa hao, mchana kweupe pale Isinya, walimaliza kazi yao kwa majuto ya nchi nzima.

Fedha hizo zingefanya nini

Tupige hesabu. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, gobori la dola 1,200 ni shilingi 156,000 kabla ya ushuru, usafiri na darubini. Ukikadiria mbuzi mmoja kwa shilingi 10,000, hao ni mbuzi 15.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili wasiziuze wala wasizizungushie ua, na wanyama wapate kupita. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati wa kufungua shule, na familia nyingi ziliyatumia kulipia karo. Kwa kiwango hicho, bei ya gobori moja ingeacha wazi ekari 300 kwa mwaka mzima.

Kuna pia taa. Richard Turere, aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi, alikuwa mvulana mdogo alipogundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri ya gari, kipande cha kunasa nguvu za jua, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki na balbu kadhaa zilizowakawaka kwa zamu kuzunguka boma. Simba wakadhani mtu anatembea na kurunzi. Mwaka 2013 alisimama jukwaani California kuueleza ulimwengu uvumbuzi huo, na maboma mengi yakauiga. Ua wa waya wenye nguzo imara na lango lisilopenyeka hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine.

Fidia ndiyo sehemu dhaifu. Sheria ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa aliyefiwa, hadi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na malipo kwa mifugo iliyouawa. Ahadi hizo zimechelewa mno hata zikageuka kuwa malalamiko ya kila mwaka. Mwenye mbuzi kumi waliokufa hawezi kungoja bajeti ya miaka mitatu ijayo. Kila fidia inapochelewa, mkuki hunolewa, na kuna atakayetamani bunduki.

Hitimisho

Mwenye gobori ghali huko Marekani analipia vitu vitatu: msimu alioruhusiwa na sheria, mlima wa kupanda, na fahari ya kumiliki chombo kizuri. Kati ya hivyo, Kajiado inaweza kumpa cha tatu peke yake, na hata hicho kwa leseni.

Mkenya aliyeko ng'ambo na mwenye kibali cha kuwinda huko, afanye hesabu ya miguu yake: kama anapanda milima, alipie wepesi, kama anakaa chini ya mti, gobori la dola 300 litamtosha, na pesa zilizobaki azitume nyumbani.

Huku nyumbani shilingi hizo 156,000 zina kazi. Ziwekwe kwenye taa, kwenye waya, na kwenye lango la boma. Na wale tuliowapa dhamana ya kulipa fidia wajue kwamba kwa mfugaji wa Kitengela, hundi inayofika mapema huokoa simba wengi kuliko tangazo la sheria.